Kijiko kipi, mwalimu?

Nimerudi chuo salama kutoka mazoezi ya kufundisha kule Magindu, Kibaha vijijini. Najua mlisubiri stori za darasani, ila leo nawaletea historia ya kijiko. Msinicheke kwanza.

Usiku mmoja mama mwenye nyumba alinigongea mlango. Mtoto ana homa, chupa ya paracetamol ya maji ipo, lakini kile kikombe chake cha kupimia kilishapotea. "Mwalimu, niliambiwa nimpe kijiko kimoja. Kijiko kipi sasa?" Mkononi kashika kijiko cha kulia wali.

Nikasoma chupa: mg 120 kwa kila ml 5. Kijiko cha chai huhesabiwa ml 5, cha mezani ml 15. Kwa hiyo angempa mg 360! Kadi ya kliniki ilionyesha mtoto ana kilo 10, na dozi ni mg 10 mpaka 15 kwa kilo, yaani mg 100 mpaka 150 kwa mara moja. Ukizidisha mara tatu, tena mara nne kwa siku, ini ndo linaumia.

Nikabaki najiuliza, tumefikaje hapa?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo vyao. Vibaba vinne ni pishi moja. Ila kulikuwa na kibaba cha tele, kinachojazwa mpaka kinafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kinachosawazishwa juu. Walijua kabisa kwamba chombo kimoja kinaweza kutoa vipimo viwili, ndo maana wakavipa majina.

Wakaja Wajerumani na mita na kilo, ambazo kwao zilianza kutumika rasmi mwaka 1872. Hata reli ya kati ya zamani inayopita Magindu, iliyoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, upana wake ni mita 1 kamili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na maili zao, pauni na painti. Painti ya Mwingereza ni aunsi 20, kama ml 568. Ya Mmarekani ni aunsi 16, kama ml 473. Jina moja, ujazo mbalimbali!

Baada ya uhuru tukarudi kwenye kilo na lita. Chupa ya dawa ikaandikwa ml, ila midomoni tukabaki na kijiko. Na kijiko hakina ujazo mmoja. Mwaka 2010 watafiti wa Athens, Ugiriki, walipima vijiko vya chai 71 kutoka nyumba 25. Kidogo kabisa kilibeba ml 2.5, kikubwa ml 7.3. Kwa hiyo hata ningemjibu "cha chai", bado ningekuwa nimebahatisha.

Tulifanyaje? Jirani alikuwa na bomba la sindano jipya la ml 5. Tukaacha sindano pembeni, tukavuta dawa mpaka mstari wa 5, mtoto akanyweshwa taratibu. Asubuhi mama akampeleka zahanati kupimwa malaria.

Sasa nyie walimu wenzangu, siku mkifundisha vipimo, leteni chupa ya dawa darasani. Na ukiwa dirisha la dawa, ukiambiwa "kijiko kimoja", usiondoke. Uliza: ml ngapi? Kisha omba na cha kupimia.

Haya, kantini wali unaisha. Tuonane wiki ijayo!