Ngoma, sikukuu na taarab za Pangani

Burudani za Pangani, mji wa pwani kusini mwa Tanga, zilifuata pepo na mvua. Kuanzia Desemba, kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Masika ya Machi hadi Mei ilizigeuza njia za bara kuwa tope, na watu wakabaki majumbani au mashambani. Kisha kusi likashika, ardhi ikakauka, mavuno yakaingia ndani, na mji ukafunguka. Miezi hiyo ya baada ya masika ndiyo iliyokuwa miezi ya harusi, ya jando na ya ngoma za usiku kucha, kwa kuwa chakula kilikuwapo, njia zilipitika na mbalamwezi haikufichwa na mawingu.

Juu ya kalenda hiyo ya pepo ilipita kalenda ya Kiislamu: Maulidi katika Mfunguo Sita, Idd Ndogo ya Mfunguo Mosi, Idd Kubwa ya Mfunguo Tatu. Sikukuu hizo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, hivyo kuna miaka ziliangukia katikati ya masika na zikapita kimya kimya, na kuna miaka ziligongana na msimu wa kusi na misafara. Miaka ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa na kishindo.

Ilikuwapo pia Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ambayo asili yake ni Uajemi na haimo katika kalenda ya Kiislamu. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauongezi siku kila baada ya miaka minne, na kwa hiyo nao husogea nyuma polepole. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 siku hiyo iliangukia Agosti. Siku hizi huko Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa bado unaadhimishwa kwa nguvu, huangukia Julai. Watu wa pwani waliamkia baharini kuoga, majivu ya zamani yakatolewa mekoni na moto mpya ukawashwa, kisha mji ukala na kucheza. Ilikuwa siku ya kufungua koo: maneno ambayo mtu aliyameza mwaka mzima angeweza kuyatoa kwa wimbo mbele ya watu, na aliyelengwa akalazimika kuvumilia mpaka naye apate zamu ya kujibu.

Mji uliocheza ngoma hizo ulikuwa mdogo kwa eneo na mkubwa kwa shughuli. Richard Burton na John Speke walipofika mwanzoni mwa 1857 wakielekea kwa Kimweri, mtawala wa Usambaa, huko Vuga, waliukuta umekaa ukingoni mwa mto, nyumba chache za mawe katikati ya nyumba nyingi za udongo na makuti. Katika miaka 30 iliyofuata Pangani ikawa mlango wa pembe za ndovu zilizoshuka kutoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kwa kufuata bonde la mto. Kando ya mto huohuo Waarabu na Waswahili wenye mali walilima miwa kwa kazi ya watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, na waliotoroka wakajikusanya Kikogwe, upande wa Bweni, ng'ambo ya mto. Hivyo mji ulikuwa na majumbe wa ukoo wa kale, Waarabu wa Oman, Wahindi wenye maduka, Wazigua na Wabondei kutoka jirani, Wanyamwezi waliobeba mizigo, na watumwa wa kila namna. Wote hao walitafuta nafasi mjini, na ngoma ilikuwa njia mojawapo ya kuipata.

Jumbe hakutambuliwa kwa kurithi jina peke yake. Alitoa ada, akachinja, akalisha mji, na ndipo akaruhusiwa kuvaa na kukaa inavyompasa jumbe, na kupigiwa ngoma kuu na siwa. Wasiokuwa majumbe waliunda vyama vyao vya ngoma. Chama kimoja kilialika kingine, kikakilisha na kukichezea. Mwaliko huo ukawa deni, na mwaka uliofuata waalikwa walipaswa kulipa kwa karamu kubwa zaidi au wakubali kuimbwa. Mgeni aliyeshuka na msafara akiwa na fedha ya pembe angeweza kuitumia katika karamu ya siku tatu na kuondoka bila kitu mkononi. Wafanyabiashara wa Kizungu waliona huo kuwa upotevu. Kwa kweli mtu huyo alikuwa amenunua kitu asichoweza kukipata dukani: kuhesabiwa miongoni mwa waungwana wa mji, au walau kuwa na watu ambao hawangeweza tena kumwita mshenzi bila aibu. Jonathon Glassman, mwanahistoria aliyeichunguza Pangani ya miaka hiyo kwa kina kuliko wengine, aliuona mgogoro wa 1888 kuwa umechipuka kutokana na karamu na mashindano hayohayo.

Agosti 1888 Idd Kubwa iliangukia katika msimu wa kusi na mji ulikuwa umejaa watu wa bara. Siku zilezile Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani Khalifa, alikuja kushika madaraka, akisaidiwa na askari wa majini wa meli Carola. Bendera ya Sultani ikaguswa, nyumba ya liwali ikavamiwa, na habari zilizoenea pwani nzima zilikuwa za Wajerumani kuingia msikitini na viatu katika siku za Idd. Umati uliokuwa umekusanyika kwa sherehe ukageuka umati wa vita. Mapema Septemba Zelewski alizuiliwa nyumbani mwake mpaka jemadari wa Sultani, Lloyd Mathews, alipokuja kumwokoa. Bushiri bin Salim aliongoza vita kwa zaidi ya mwaka, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alizitungia habari hizo utenzi, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Utenzi ulitungwa usomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo nao uliingia katika burudani za barazani, pamoja na uchungu wake wote.

Baada ya vita Pangani ilipoteza njia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na mizigo iliyokuwa ikishuka kwa vichwa vya wapagazi ikawa inashuka kwa garimoshi hadi bandari ya Tanga. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, mahali palepale walipokimbilia watumwa wa miwa miaka 20 nyuma. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba yaliyoufunika mkoa mzima na kuwaleta vibarua kutoka Unyamwezi, Umakonde na hata Burundi. Kila kabila lilikuja na ngoma yake, na Jumamosi usiku kambi za mkonge zilivuma kwa ngoma ambazo wazee wa Pangani hawakuwahi kuzisikia.

Mjini, mashindano ya zamani yalivaa sare. Ngoma ya beni ilizaliwa Lamu na Mombasa miaka ya 1890, na Tanga ikaipokea kwa vyama viwili: Marini, ya watoto wa mjini na makarani, na Arinoti, ya watu wa bara na wafanyakazi wa mikono. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, madaktari na wauguzi, ukatembea kwa gwaride la kijeshi na kumwaga fedha kuushinda wenzake. Vita ya Kwanza ya Dunia iliwachukua askari na wapagazi wa pwani mpaka ndani kabisa ya bara, nao wakaisambaza beni kote walikopita. Wanawake walikuwa na lelemama. Walisimama kwa safu wamevaa nguo za namna moja, wakicheza kwa mikono na shingo zaidi kuliko miguu, na nyimbo zao zilikuwa za mafumbo makali kwa chama pinzani. Serikali ya Kiingereza iliziogopa ngoma za mjini kiasi cha kuzidai kibali.

Pangani iliyotulia ilikuwa bado na watu wa maneno. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alikuwa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake kabla hajahamia Mpwapwa miaka ya 1940. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Fumba, Unguja, aliyerekodi santuri zake Bombay kuanzia 1928. Santuri hizo, zikiimbwa kwa Kiswahili katika chombo kilichozoea Kiarabu na Kihindi, zilipigwa kwenye gramafoni za pwani nzima na kuiondoa taarab katika majumba ya wakubwa.

Tanga ikaichukua taarab hiyo na kuibadili. Young Novelty, kisha Black Star na Lucky Star katika miaka ya 1960 na 1970, waliacha okestra kubwa ya fidla na ganuni za Unguja, wakashika gitaa la umeme, gitaa la besi na bongo. Mapigo yakawa ya kuchezeka, na mtindo huo ukaigwa mpaka Mombasa na Burundi. Mahali pake palikuwa harusini, na namna ya kuisikiliza ilikuwa ileile ya ngoma za Siku ya Mwaka. Mwanamke angekaa kimya beti mbili, tatu. Ubeti unaomgusa ukifika huinuka, hupita polepole katikati ya wenzake akiwa ameinua noti, humzunguka anayemkusudia au humtazama tu, kisha humtunza mwimbaji. Hakutamka neno, na ukumbi wote umeelewa. Jibu huja kwa wimbo mwingine na noti nyingine. Watunzi walilijua hilo na wakaandika mashairi yanayoweza kumkaa yeyote.

Muziki wa dansi nao ulitoka katika kambi na mitaa ya mkonge. Jamhuri Jazz ilianza kama bendi ya Wanyamwezi wa Tanga. Atomic Jazz ilikuwa mshindani wake. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuunda Simba Wanyika, bendi iliyotamba Nairobi kuanzia 1971. Fedha, vinanda na studio vilikuwa Tanga, Nairobi na Dar es Salaam, na aliyetaka kuishi kwa sauti yake alilazimika kuondoka Pangani.

Shakila binti Said aliondoka. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba Tanga na Black Star na Lucky Star, kisha akahamia Dar es Salaam katika kikundi cha taarab cha Jeshi la Wananchi. Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba zilimfanya ajulikane na watu wasiowahi kuuona Mto Pangani. Sauti yake haikuwa na haraka. Alilivuta neno mpaka msikilizaji akapata nafasi ya kuamua linamhusu nani, na hiyo ndiyo kazi waliyoifanya waimbaji wa lelemama na wa Siku ya Mwaka kabla yake. Alifariki Dar es Salaam Agosti 2016.