Kami, kikaragosi aliyepewa virusi

Huku Morogoro safu nzima ya Uluguru imejifunika mawingu tangu Jumatano, nguo hazikauki hosteli, na mimi badala ya kujisomea test ya Jumatatu nimekaa naandika habari za kikaragosi. Mtanisamehe. Juzi nilimwambia jamaa mmoja darasani kwamba nataka kuandika historia ya Kami, akaniangalia kwa ukali kidogo: "Kami gani, sisi?" Kumbe mwenzangu ni Mkami kweli, wa huku huku chini ya milima. Nikamwambia hapana ndugu yangu, Kami ninayemsema ni wa Afrika Kusini, ana manyoya ya rangi ya haradali, ana miaka mitano, mama yake alikufa, na anaishi na VVU. Jamaa akacheka sana. Halafu akanyamaza. "Yaani wamempa virusi mwanasesere?"

Ndiyo, wamempa, tena kwa makusudi. Na hiyo ndiyo stori ya leo.

Kwa kawaida kikaragosi wa televisheni ni mpambe tu. Kazi yake ni kukaa pembeni ya binadamu na kufanya ule utundu ambao mtangazaji mwenye tai hawezi kuufanya. Waingereza ndio mabingwa wa mchezo huu. Mwaka 1948 bwana mmoja aitwaye Harry Corbett alinunua dubu wa kuvaa mkononi kule Blackpool, na kuanzia 1952 akaonekana naye BBC kwa jina la Sooty. Sooty haongei kabisa. Anamnong'oneza Corbett sikioni, Corbett ndiye anawaambia watoto kasema nini. Mwaka 1957 Sooty naye akaletewa mpambe wake, mbwa aitwaye Sweep, ambaye anaishia kupiga kelele kama filimbi. Wakaja wengi baada yao, mmojawapo yule mbweha Basil Brush anayecheka utani wake mwenyewe kabla yenu. Watoto wa Uingereza walikua nao, wakacheka, wakalala. Hakuna aliyewatwisha vikaragosi wale mzigo mzito.

Huku kwetu mwanasesere alishawahi kupewa mzigo, tena zamani kabla ya televisheni. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waluguru wanamjua mwana hiti, kile kisanamu kidogo cha mti, mwili kama kipande cha mche, hakina mikono, kichwani kina matuta mawili ya nywele. Mwali alipowekwa ndani alipewa akae nacho. Alikipaka mafuta, alikitunza kama mtoto, na akikizembea ilisemekana uzazi wake ungepata shida. Leo vingi viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya kioo, bila mafuta. Ninachokipenda ni kwamba wazee wale walijua kitu: kuna mambo ambayo binti aliyefungiwa peke yake hawezi kuambiwa kwa mdomo tu, anahitaji kitu cha kushika.

Sasa turudi kwenye virusi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kuanzia hapo tukawa mafundi wa kutolitaja jina lake. Kule Kagera watu waliuita Juliana. Mitaani ukawa ngoma, ukawa umeme, mtu "amekanyaga miwaya". Kwenye msiba familia ikisimama mbele za watu ilikuwa ni "kifua" au "malaria kali", na waombolezaji wote wanaangalia chini. Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, lakini janga la taifa ni lugha ya hotuba. Haikufika jikoni.

Aliyefika jikoni kabla ya hapo ni Mkwaju. Wazazi wetu wanamkumbuka vizuri. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mwanamume wa vituo, kila mji ana mtu, mke wake Tunu kamwacha nyumbani. Mwisho Mkwaju anaugua na anakufa. Mchezo ule ulisaidia, hilo silipingi. Dodoma iliachwa kwa miaka miwili bila kuusikia ili kulinganisha, na sehemu zilizousikia watu walionekana kupunguza wapenzi na kufuata uzazi wa mpango zaidi. Ila fikiria wewe ni mtoto wa miaka saba, umezaliwa navyo, umekaa kwenye mkeka na bibi yako mnasikiliza redio. Mtu pekee mwenye ugonjwa wako ni Mkwaju. Kwa hiyo unajifunza mambo mawili kwa mpigo: wenye ugonjwa huu ni wakosaji, na wote wanakufa.

Kami alikuja kukaa kwenye nafasi hiyo hiyo, akiwa na sura nyingine.

Ukoo wake ni wa Sesame Street, kipindi kilichoanza Marekani Novemba 1969 na vikaragosi vya Jim Henson. Afrika Kusini walipata cha kwao, Takalani Sesame, mwaka 2000. Nchi ile wakati huo ilikuwa pabaya. Nkosi Johnson, mtoto aliyezaliwa na virusi na ambaye kuandikishwa kwake shule ya msingi Johannesburg kulizua mabishano makubwa mwaka 1997, alihutubia mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban mwaka 2000, akafa Juni 2001 akiwa na miaka 12. Serikali ya Mbeki ilikuwa inavutana na wanaharakati kuhusu dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, mpaka Mahakama ya Katiba ikaamua Julai 2002 kwamba dawa itolewe. Mwezi huo huo, kwenye mkutano wa UKIMWI Barcelona, watu wa Sesame wakatangaza kwamba wanatengeneza kikaragosi mwenye VVU.

Marekani wakashtuka. Wabunge kadhaa wa chama cha Republican wakawaandikia wakubwa wa PBS, televisheni inayorusha Sesame Street, kutaka kujua kama mgeni huyo ana mpango wa kwenda kwa watoto wa kwao. Jibu lilikuwa hapana, huyu ni wa Afrika Kusini. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Kikaragosi ni kitambaa na sponji, hana damu hata tone, na bado watu wazima waliogopa kuambukizwa naye.

Kami alionekana kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 2002. Jina lake limetolewa kwenye neno la Kitswana, kamogelo, maana yake kupokelewa. Na kweli kazi yake kubwa pale mtaani haikuwa kufundisha dawa wala kuhesabu CD4. Alikuwa anacheza. Anapenda vitu vya asili, anauliza maswali, anakuwa na aibu, anafurahi. Kuna kipande ambacho anatoa boksi la kumbukumbu za mama yake na kuonyesha vilivyomo, kitu kimoja kimoja. Hakuna muziki wa msibani. Anamkumbuka mama, basi, kama mtoto anavyomkumbuka.

Hapo ndipo anapoachana na akina Sooty. Sooty alimnong'oneza mkubwa na mkubwa akasema. Kami alisema mwenyewe, kwa sauti yake, jina la kitu ambacho wakubwa walikuwa wanakinong'ona. Na anaachana na Mkwaju pia, kwa sababu hakufanya kosa lolote na hakufa. Mpaka mwisho wa kipindi yupo, na kesho yake yupo tena. Kwa mtoto wa kwenye mkeka hiyo ni habari kubwa kuliko somo lolote.

Baada ya hapo alipanda cheo, na mimi cheo chenyewe sikipendi sana. Mwaka 2003 UNICEF wakamfanya balozi wa watoto. Mwaka 2006 akatokea kwenye tangazo pamoja na Bill Clinton. Mpambe akawa mheshimiwa wa mikutano. Alirudi kwenye kazi ya maana alipokwenda Nigeria, kwenye Sesame Square iliyoanza kuonekana mwaka 2011, akiwa pamoja na Zobi, dereva wa teksi mwenye uroho wa viazi vikuu. Hapo akawa mtoto tena.

Na sisi? Tuliletewa Kilimani Sesame, mdogo wa ukoo ule ule, kwenye miaka ya mwisho ya 2000, kwa Kiswahili, kwa televisheni, redio na vitabu. Hilo la redio na vitabu lilikuwa na maana sana huku, maana Bara yenyewe televisheni tumeijua kuanzia 1994, na vijiji vya juu huko Matombo au Bunduki ungeitazama kwa umeme gani? Walifundisha herufi, namba, chandarua, kunawa, na UKIMWI bila mafumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watoto zaidi ya 200 wa mjini na kijijini kwa wiki sita, na waliokuwa wamekipokea zaidi ndio waliojua zaidi kuhusu malaria na VVU, na pia jinsi ya kuishi na wenzao. Sisi chekechea vyote tuliviita "katuni". Nani alikuwa na habari kwamba ndani yake kuna mkono wa mtu?

Siku hizi ni katuni kweli. Akili and Me ya Ubongo, ya Dar es Salaam, ilijaribiwa hapa hapa Morogoro mwaka 2016 kwa watoto 568, na walioitazama walisogea mbele kwenye kuhesabu, maumbo na kuchora. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, ni mchangamfu, mdogo wangu hambanduki. Sina ugomvi naye.

Kwa nini basi nahangaika na Kami wa mwaka 2002? Kwa sababu kuna mtu ninayesoma naye. Jina silisemi, jinsia silisemi, kozi silisemi, na kabla sijaandika mstari huu nimeomba ruhusa nikapewa. Alizaliwa navyo. Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, naye ni mmoja wa wale waliozifikia kwa bahati, bibi yake akitembea naye kutoka mlimani mpaka barabarani kila mwezi kufuata dawa. Bibi hakumwambia ni dawa za nini. Aliambiwa za kifua. Ukweli aliupata akiwa na miaka 13, kwa kusoma maandishi ya kwenye kopo.

Ndiyo maana nasema tatizo langu na Kami ni moja: hakui. Wamemwacha na miaka mitano milele. Mtoto akishafika kidato cha pili, umri ambao vijana wengi hutupa vidonge kwa hasira, hakuna tena kikaragosi wa kukaa naye pembeni.

Wiki iliyopita nilimwonyesha huyo rafiki kile kipande cha boksi la mama kwenye simu. Alikitazama chote bila kusema neno, tukiwa tumekaa ngazini, mvua inanyesha. Kikaisha, akakirudisha mwanzo, akakitazama tena.

"Huyu bado ana mitano?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi nimefika ishirini na mbili," akasema. Akaangalia saa, ilikuwa saa tatu kamili usiku. Akatoa kidonge mfukoni, akaniomba chupa yangu ya maji, akameza pale pale ngazini, watu wanapita.