Umeme, Uti wa Mgongo na Kutembea: Historia Ikitazamwa kutoka Liuli

Historia ya kutumia umeme kurejesha mwendo wa waliopooza huanzwa, kwa kawaida, na mashine. Mwaka 1961 Liberson na wenzake, nchini Marekani, walisisimua neva ya mguu ili kuinua wayo wa waliopooza upande mmoja. Mwaka 2018 watafiti wa Lausanne na Louisville waliripoti watu walioumia uti wa mgongo wakipiga hatua tena, kwa elektrodi zilizopandikizwa mgongoni na mazoezi ya miezi mingi. Ilidhihirika kwamba chini ya jeraha mara nyingi neva na misuli hubaki hai, ila amri ya ubongo haifiki.

Ikitazamwa kutoka Liuli, kwenye hospitali ya Kianglikana ya Mtakatifu Anne kando ya Ziwa Nyasa, historia hiyo ina mwanzo mwingine. Mwaka 1944, Stoke Mandeville, Uingereza, Ludwig Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili ili kuzuia vidonda vya mgandamizo. Umeme haumsimamishi aliyekwisha kukakamaa viungo, wala aliyeuawa na kidonda. Kwa mkulima aliyeanguka kutoka mwembeni, mikono ya muuguzi na ndugu inayomgeuza usiku ndiyo sura ya kwanza. Bila hiyo, sura zinazofuata hazimfikii.