Macho ya Wageni Katika Kampeni ya Namibia

Kila uchaguzi unapokaribia katika nchi zetu hizi, magazeti huandika kwamba watazamaji wa kimataifa wamewasili. Picha huwa ni ile ile: Wazungu kwa Waafrika waliovaa fulana na kofia za jumuiya zao, wamesimama kando ya foleni ya wapiga kura na daftari mkononi. Siku mbili au tatu baada ya kura husoma taarifa yao hotelini, na wengi wao huondoka wiki hiyo hiyo. Sina ugomvi nao. Lakini kwa kuwa nimetumia umri wangu katika kazi ya kukaguliwa na kukagua, nimekuwa nikijiuliza mara kwa mara: mgeni huyu anaweza kuona nini, na ni kitu gani kitampita hata akivaa miwani miwili? Kwangu mimi somo bora juu ya jambo hili ni kampeni ya Namibia ya mwaka 1989.

Mwaka huo nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu mkoani Dodoma. Kwetu sisi Namibia haikuwa nchi ya mbali. Kongwa, mahali Waingereza waliposhindwa na kilimo cha karanga, ndipo wapigania uhuru wa SWAPO walipowekewa kambi miaka ya sitini, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, Msumbiji, Angola na Zimbabwe. Mkufunzi mwenzangu mzaliwa wa huko alizoea kusimulia jinsi vijana wa kijijini kwao walivyocheza mpira na wageni hao bila kujua majina yao ya kweli. Basi redio ilipotangaza kwamba Makaburu wamekubali uchaguzi, chumba chetu cha wakufunzi kilijaa kila jioni.

Azimio namba 435 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Septemba 1978, lilisema uchaguzi huo utafanyika chini ya usimamizi na udhibiti wa Umoja wa Mataifa. Maneno hayo ni mazito. Kutazama, kuangalia na kusimamia ni vitenzi vitatu tofauti, na Mswahili hahitaji kamusi kujua tofauti yake: atazamaye anaweza kuwa mpita njia, lakini asimamiaye ataulizwa mambo yakiharibika. Hata hivyo, Namibia haikukabidhiwa kwa Umoja wa Mataifa. Serikali ya Afrika Kusini, kupitia Mtawala Mkuu Louis Pienaar, ndiyo iliyoendelea kutawala, kuandikisha wapiga kura na kutunga sheria ya uchaguzi. Mjumbe Maalum wa Katibu Mkuu, Martti Ahtisaari wa Finland, alipewa silaha moja tu: kila hatua ilipaswa kumridhisha yeye kabla ya hatua nyingine kuanza.

Mwanzo wake ulikuwa msiba. Mataifa makubwa yalikuwa yamebishana juu ya gharama hadi bajeti ikapitishwa Machi 1989, mwezi mmoja tu kabla ya kazi kuanza. Tarehe 1 Aprili ilipofika, askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa kaskazini mwa nchi walikuwa wachache mno. Siku hiyo wapiganaji wa SWAPO walivuka kutoka Angola. Ahtisaari akakubali majeshi ya Afrika Kusini yatoke kambini, na katika siku chache zilizofuata watu zaidi ya 300 wakauawa, wengi wao wakiwa wapiganaji hao. Nakumbuka jinsi chumba chetu kilivyogawanyika. Wengine walisema Umoja wa Mataifa umeuza damu ya wapigania uhuru. Wengine waliuliza kwa nini SWAPO ilivuka siku ile ile. Mimi naona makosa makubwa yalikuwa ya wale waliochelewesha fedha, kwani mtazamaji ambaye hajafika hawezi kuzuia lolote. Baada ya mkutano wa Mount Etjo mwezi huo huo wa Aprili, mpango uliokolewa.

Yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi, ingawa hayakupigwa picha nyingi. Ujumbe huo, uliojulikana kwa kifupi kama UNTAG, ulifungua vituo 42 nchi nzima, na watu wake wakahamia huko. Walikaa katika miji midogo na vijijini, wakanunua mahitaji katika maduka yale yale ya wenyeji, wakahudhuria mikutano ya vyama, wakasikiliza malalamiko. Wakati kazi ilipopamba moto walikuwa karibu 8,000, raia, polisi na askari pamoja, kutoka nchi zaidi ya mia moja.

Kaskazini, katika nchi ya Waovambo, kulikuwa na kikosi kilichoitwa Koevoet, neno la Kikaburu lenye maana ya mtaimbo. Kilikuwa kikosi cha polisi cha kuwasaka wapiganaji wa SWAPO, na sifa yake ilikuwa ya ukatili. Kwa kuwa kilihesabiwa kuwa ni cha polisi, watu wake waliingizwa katika jeshi la kawaida la polisi badala ya kurudishwa nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakizunguka vijijini kwa magari ya deraya aina ya Casspir wakati wa kampeni, na wanakijiji walijua vizuri nani yumo ndani. Polisi wa UNTAG hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Waliweza tu kufuatana na doria hizo, kuandika na kuripoti. Mwanzoni hata kufuatana kulikuwa shida, maana njia za kaskazini zilikuwa na mabomu ya ardhini na wao hawakuwa na magari ya kuyahimili. Ahtisaari akaomba polisi zaidi, nao wakaongezwa kutoka 500 hadi 1,500. Malalamiko yalipozidi, Baraza la Usalama lilidai Agosti 1989 kwamba Koevoet ivunjwe, na mwishoni mwa Septemba Pienaar akatangaza kuondolewa kwa watu wake 1,200. Wiki sita baadaye watu walipiga kura.

Nilipokuwa nikitathmini mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, nilijua kwamba nikifika siku moja nitaliona somo lililopikwa. Chati mpya ukutani, watoto wamefundishwa kunyoosha mikono wote, hata asiyejua jibu. Nikikaa katika shule hiyo wiki tatu, chati huanza kukunjamana na mwalimu huanza kufundisha kama atakavyofundisha miaka yote. Askari wa Koevoet naye angeweza kuwa mpole kwa siku tano. Kwa miezi sita hakuweza.

Kukaa huko kulisaidia pia katika mambo ya ofisini. Rasimu ya kwanza ya sheria ya uchaguzi, iliyotoka kwa Mtawala Mkuu, ilitaka kura zisafirishwe hadi Windhoek kuhesabiwa, na kwa utaratibu uliowatia watu hofu kwamba kura ya mtu itaweza kutambuliwa. Ahtisaari aliikataa, na majadiliano yakachukua miezi. Sheria ilitoka Oktoba, wiki chache kabla ya uchaguzi, lakini ilitoka ikiwa na utaratibu wa kura kuhesabiwa wilayani. Mwezi Septemba vyama vilitia saini kanuni za maadili ya kampeni mbele yake. Mwezi huo huo mwanasheria Anton Lubowski, mmoja wa Wazungu wachache waliojiunga na SWAPO waziwazi, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Windhoek. Saini hazikumlinda. Na nisionekane nahesabu dhambi za upande mmoja: Julai walirudi watu wapatao 150 waliokuwa wamefungwa na SWAPO yenyewe huko Angola, wakionyesha makovu ya mateso yao. SWAPO ililazimika kuomba kura huku watu hao wakisimulia. Sisi tuliowashangilia wapigania uhuru hatukupenda kuyasikia hayo, na wapo waliozima redio.

Siku chache kabla ya kura, Waziri wa Mambo ya Nje wa Afrika Kusini, Pik Botha, alitangaza kwamba mawasiliano ya UNTAG yaliyonaswa yanaonyesha SWAPO inakusanya majeshi mpakani. Kama UNTAG ingekuwa kundi la wageni waliofika juzi, sijui uchaguzi ule ungefika wapi. Lakini walikuwa na watu huko huko mpakani. Ikathibitika haraka kwamba ujumbe ule ulikuwa wa bandia.

Watu 701,483 walikuwa wamejiandikisha, na zaidi ya asilimia 95 kati yao walipiga kura kuanzia tarehe 7 hadi 11 Novemba. SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72, na chama cha DTA viti 21. Theluthi mbili zilizohitajika kuandika katiba peke yake SWAPO haikuzipata, hivyo ikabidi vyama vikae pamoja, na katiba ikakamilika Februari 1990. Ahtisaari alitamka kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Uhuru ulikuja tarehe 21 Machi 1990.

Ndipo mwaka 1991 serikali ya Afrika Kusini ilipokiri kwamba ilitoa kwa siri zaidi ya randi milioni 100 kwa vyama vilivyoshindana na SWAPO katika kampeni ile. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Watu karibu elfu nane, helikopta, magari, ofisi 42, mwaka mzima kazini, na mkondo wa fedha wa namna hiyo ukapita chini ya miguu yao. Siwalaumu. Casspir lina kelele na huacha alama mchangani. Fedha haina nyayo. Kikao cha hadhara hukikuta kwa kufuata kipaza sauti, bali bahasha hupita usiku baina ya watu wanaojuana, katika lugha asiyoijua mkalimani wako.

Jambo hilo lilinirudia nchini kwetu mwaka 1995, katika uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo ulipofutwa mwaka 1965. Wageni walialikwa, na sheria yetu iliwapa jina la wastani, watazamaji. Katika kituo nilichopigia kura walifika wawili, mwanamke na mwanamume, watu wenye adabu. Waliuliza kuhusu wino, wakatazama kufuli la sanduku, wakamsalimia bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni, na baada ya muda usiozidi nusu saa wakaenda kituo kingine. Kila walichokiona kilikuwa sawa, nami ningeandika kama walivyoandika. Kanga, chumvi na sukari zilikuwa zimegawiwa wiki mbili kabla, nyumba kwa nyumba, baada ya taa kuzimwa. Bibi yule aliyesalimiwa alikuwa amejifunga moja ya kanga hizo.

Mambo yale hayakubaki gizani kwa muda mrefu, ila hayakutoka kwa namna niliyoitarajia. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na zawadi za mgombea zikaruhusiwa kwa jina la takrima, ati ni ukarimu wa jadi wa Mwafrika. Mimi ni Mwafrika, na ukarimu niliofundishwa na wazazi wangu hauna tarehe ya mwisho ya kampeni. Chaguzi mbili zilifanyika chini ya sheria hiyo, watazamaji wakiwepo. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba. Walioifungua kesi hiyo yalikuwa mashirika matatu ya hapa hapa nchini, yenye wanasheria wanaokaa Dar es Salaam, ambao wana mama na shangazi vijijini waliopewa kanga.