Gazi ya kupikia: kwa nini chupa haijazwi mpaka juu

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, jamaa nyingi zinapika na makala. Ziko pia zile ambazo zimeanza kutumia gazi ya chupa. Faida zake zinaonekana: gazi haina moshi, inawaka mara moja, na kila mfuko wa makala usionunuliwa unapunguza miti inayokatwa, hata ile ya Hifadhi ya Virunga.

Wengi wanaogopa gazi wakati wa kupika. Lakini hatari kubwa inaweza kuanza mbele ya hapo, siku ya kujaza chupa. Hasa kama mtu anahamisha gazi toka chupa kubwa kwenda chupa ndogo kwa mpira, ndani ya parsela ao pembeni ya barabara, bila mizani.

Si gazi ya Ziwa Kivu

Gazi ya Ziwa Kivu ni metani. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinaitumia kutoa umeme. Gazi ya chupa ni kitu kingine: ni propani na butani, zinazotoka katika petroli na gazi ya ardhini, na huku inafika kwa lori ikipitia nchi jirani.

Ndani ya chupa gazi hiyo imebanwa kwa nguvu mpaka imekuwa maji. Ndiyo maana ukitikisa chupa unasikia kitu kinacheza ndani. Maji hayo yakitoka nje yanageuka hewa tena, na lita moja inatoa karibu lita 250 za gazi. Kwa hiyo kiasi kidogo kinachomwagika wakati wa kujaza kinaweza kujaza kona nzima ya nyumba.

Inatambaa chini kama mazuku

Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala katika mashimo na mabonde na kuua mbuzi, hata watu. Mazuku inakaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Gazi ya kupikia nayo iko vile. Ikivuja haipandi kwenye bati na kutoka. Inashuka sakafuni, inapita chini ya mlango, inaingia katika mtaro ao shimo.

Tofauti ni kwamba hii inawaka. Ikifika tu karibu sehemu 2 kwa 100 za hewa ya mahali, cheche moja inatosha. Cheche hiyo inaweza kutoka kwa mbabula ya jirani, sigara, swichi ya taa, grupu ya umeme ao moto inayowashwa barabarani. Mtu anayejaza chupa anaweza kuwa hana moto karibu yake, kumbe gazi imeshafika kule moto uliko.

Kazi ya nafasi tupu

Chupa iliyojazwa vizuri haijai kabisa. Maji ya gazi yanachukua karibu sehemu 80 kwa 100, na zingine 20 zinabaki wazi. Muuzaji hakuibi hapo. Gazi ya maji inavimba sana ikipata joto, kuliko maji ya kunywa. Chupa iliyojazwa asubuhi kukiwa baridi, kisha ikafungwa kwenye pikipiki juani mchana, inahitaji nafasi hiyo. Kama haipo, maji yanasukuma chuma chenyewe. Hapo ama gazi inatoka kwa nguvu kwenye robine, ama chupa inapasuka.

Anayehamisha gazi kwa mpira hana namna ya kujua amefika wapi. Wengine wanageuza chupa kubwa kichwa chini, ao wanaipasha na maji ya moto ili gazi itembee haraka. Hiyo inaongeza hatari mara mbili: nguvu inapanda ndani ya chupa, na mpira unaweza kuchomoka. Propani ya maji inachemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri. Ikimwagika kwenye mkono inaunguza ngozi kwa baridi.

Yaliyotokea kwingine

Ulaya, watu wanaosafiri na magari yenye kitanda na jiko ndani wanajaza gazi kwenye kituo, kama esansi. Tangi lao lina kifaa kinachokata likifika 80 kwa 100. Chupa ya kawaida ya jikoni haina kifaa hicho. Pompo itaendelea kusukuma mpaka nafasi yote iishe.

Tarehe 11 Julai 1978, huko Uhispania, lori la tangi lililipuka pembeni ya kambi ya watalii ya Los Alfaques. Lilibeba propileni, gazi inayobanwa kuwa maji sawa na propani. Lilikuwa na zaidi ya tani 23, wakati kipimo chake kilikuwa karibu tani 19. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Karibu na kwetu, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gazi lililipuka Embakasi, mjini Nairobi. Moto ulifika kwenye nyumba za watu, kukawa na wafu na majeruhi zaidi ya 200. Serikali ya Kenya ilisema mahali pale pa kujazia gazi hapakuwa na ruhusa.

Namna ya kujikinga

Njia nzuri ni kubadilisha chupa: unaacha tupu, unachukua ile iliyojazwa na kufungwa kiwandani. Omba ipimwe mbele yako. Uzito wa chupa tupu umeandikwa kwenye chuma, karibu na mkono wa chupa. Kwa mfano, kama chupa tupu ina kilo 7 na gazi ni kilo 6, mizani inapaswa kusoma 13. Ikisoma 15, usifurahie zile kilo mbili za bure. Irudishe.

Chupa isafirishwe ikiwa imesimama, na nyumbani ikae wima mahali penye hewa, mbali na mbabula. Usibadilishe chupa mbele ya mshumaa wakati umeme umekatika. Kutafuta mahali inapovuja, paka povu ya sabuni kwenye mpira na robine; ikitoa mapovu, inavuja. Kibiriti kisitumike kamwe.

Ukisikia harufu kama ya mayai yaliyooza, zima moto wote, funga robine, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Usiguse swichi, hata ile ya kuzima, na simu uitumie ukiwa mbali.

Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta visipakwe.