Asili ya Kitenzi "Plagiarize" na Tatizo la Tafsiri Yake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi wa chuo kikuu hufunzwa kuviogopa mapema ni "plagiarize". Kwa Kiswahili tumezoea kusema kuiba maandishi. Tafsiri hiyo yaeleweka. Lakini historia ya neno lenyewe yaonyesha kwamba chanzo chake hakikuwa wizi wa mali.

Katika Kilatini, plagiarius alikuwa mteka watu: yule aliyemshika mtu huru na kumfanya mtumwa, au aliyemrubuni mtumwa wa mwenziwe atoroke. Sheria ya Fabia, ambayo ilikwisha kuwapo mwaka 63 K.K., iliadhibu kosa hilo. Aliyelihamishia neno katika fasihi ni mshairi Martial, katika kitabu chake cha kwanza cha epigramu, kilichotolewa Roma yapata mwaka 86 B.K. Mtu mmoja alikuwa akighani tungo za Martial na kujidai kuwa ndiye mtunzi. Martial alimwomba Quintianus amkabili mtu huyo na kumwambia kwamba tungo hizo ni watumwa ambao bwana wao alikwisha kuwaacha huru. Basi kosa alilolishutumu Martial ni kumrudisha utumwani aliyekwisha kupewa uhuru.

Kiingereza kilipokea nomino "plagiary" mwishoni mwa karne ya 16. Kitenzi kilifuata katika karne ya 18. Siku hizi watumiaji wengi wa neno hilo hawaoni tena ndani yake mateka, ila mwizi.

Je, Kiswahili kina nini cha kuweka mahali pa picha hiyo? Kitenzi kutunga chatumika kwa shairi, kwa shanga, na kwa mimba pia. Kwa hiyo lugha yetu humkaribia mtunzi kama mzazi, si kama bwana. Tena washairi wengi wa pwani walitaja majina yao katika beti za mwisho za tenzi, na pengine idadi ya beti, hata ikawa vigumu kwa mwingine kujitwalia utungo au kuupunguza bila kujulikana.

Iwapo ni hivyo, neno wizi halitoshi. Kitu kilichoibwa chaweza kulipwa kwa thamani yake. Mtoto aliyetekwa hurudishwa kwa jina la mzaziwe. Hilo ndilo deni la mwanachuoni anayenukuu: kulitaja jina.