Kiondo cha Desemba

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu iliyoteremka hadi Mombasa. Siku hiyo aliuona Mlima Kenya ukiwa na theluji kileleni. Habari zake zilipofika Ulaya, mabingwa wa jiografia walizikataa: theluji karibu na ikweta? Wenyeji wake hawakuwa na shughuli na theluji. Desemba kwao ni mwezi wa mvua, na macho yao yalikuwa shambani.

Sikukuu ya Krismasi ya Ukambani, nchi ya Wakamba, haieleweki bila mvua hiyo. Sehemu nyingi za Kenya masika ndiyo mvua kuu, na vuli huhesabiwa kuwa nyongeza. Kitui na Makueni mambo ni kinyume. Masika huja na kumhadaa mkulima, lakini vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa kulisha nyumba. Ikinyesha vyema, kufikia wiki ya Krismasi kunde zimetanda na majani yake yanachumwa jioni, mahindi yanabeba, na miembe ya Makueni imeinamishwa na maembe. Nyika iliyokuwa vumbi na miiba mitupu mwezi wa Septemba huwa kijani kibichi.

Krismasi yenyewe ilikuja baadaye. Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki mwaka uliofuata, Desemba vilevile, lakini kanisa lilibaki na kuenea. Sikukuu hiyo mpya iliangukia katika msimu uliokuwa na furaha yake tangu zamani, na ikakuta vyombo viko tayari: kinu na mchi, chungu, kibuyu cha uji, na kiondo.

Kiondo, kikapu cha kusukwa, kwa Kikamba ni kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Nyuzi za zamani zilitoka kwenye magome ya miti ya nyika, hasa mbuyu. Mbuyu ukibanduliwa gome haufi. Huota gome jipya, na makovu yale mapana kwenye mibuyu ya Kitui na Kibwezi ni kumbukumbu ya mikono iliyopita hapo. Mkonge ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika, kisha ukavuka hadi Kenya. Walowezi waliutakia kamba na magunia, na huko Kibwezi mashamba ya mkonge ya Dwa yapo hadi leo. Wanawake wa Ukambani waliuona ukisimama kama ua kuzunguka boma, wakaupa kazi nyingine.

Kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Jani la mkonge huchanwa, likaparwa mpaka nyama yake ya kijani itoke na kuacha nyuzi nyeupe. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, kisha husokotwa juu ya paja, kiganja kikienda na kurudi, mpaka uzi mwembamba ulio sawasawa urefuke kuelekea miguuni. Usukaji huanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama hutawanywa kama miale ya jua, na nyuzi mbili za kuzungushia hupishana, moja mbele na nyingine nyuma, zikiukaba kila uzi wa kusimama kabla ya kuhamia wa pili. Kitako kinapopanuka, nyuzi mpya huongezwa. Kikitosha, kuta huanza kupanda. Hakuna mashine wala meza. Ndiyo maana mwanamke wa Kikamba aliweza kusuka akiwa njiani kwenda sokoni, kiondo kikubwa mgongoni kikishikiliwa na mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, na kidogo kisichokamilika mikononi.

Kiondo kimoja kinaweza kula wiki kadhaa, kwa kuwa msukaji ana maji ya kuteka na shamba la kupalilia. Lakini kikishakamilika hudumu miaka. Kilipelekwa sokoni, kikabeba mbegu wakati wa kupanda na mavuno wakati wa kuvuna, na mshipi ukikatika uliwekwa mwingine. Siku kilipochakaa kabisa kilitupwa shambani na mchwa wakakimaliza. Hakuna alichobaki nacho mtu ila mshipi wa ngozi, ambao ulihamia kiondo kipya.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikiwa imekatiza nchi ya Makueni kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Baada yake wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi mjini, na Desemba ikapata maana ya pili: mwezi wa kurudi nyumbani. Kizazi baada ya kizazi, wiki ya Krismasi imewakuta watu wa Kitui na Makueni wamejaa katika kituo cha Machakos Country Bus jijini Nairobi. Mabasi yalishuka na mikate, sukari na nguo mpya za watoto. Yaliporudi mjini baada ya mwaka mpya, vilipanda viondo vyenye kunde, ndengu, maembe na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kwa sababu mwana wa nyumbani hakuruhusiwa kurudi mikono mitupu.

Mabadiliko yalikuja polepole, kisha yakaja kwa kishindo. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipendwa Ulaya na Marekani, kikatiwa mishipi ya ngozi iliyoshonwa vizuri na kuuzwa kama mkoba wa fasheni. Wasukaji walipata fedha za karo, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini nyuzi za viwandani zenye rangi kali ziliingia mahali pa mkonge, na mifuko ya kuiga iliyotengenezwa nje ikashusha bei. Nyumbani nako, kiondo kilianza kuonekana chombo cha bibi. Kijana aliyetoka mjini alishuka na mifuko ya plastiki, na mfuko ule ukawa dalili kwamba mambo yake yamenyooka.

Mifuko hiyo haikuliwa na mchwa. Ilipeperushwa na upepo ikanasa kwenye miiba ya migunga, ikaziba mitaro ya masoko, ikaliwa na ng'ombe na mbuzi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria kuwa maduka makubwa ya Kenya peke yake yaligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Serikali ilijaribu kuizuia mwaka 2007 na tena 2011 bila mafanikio. Mara ya tatu ilishikilia: tangu tarehe 28 Agosti 2017 ni kosa kutengeneza, kuuza au kutumia mifuko ya kubebea ya plastiki, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Krismasi ya mwaka huo ndiyo ya kwanza, baada ya miaka mingi, ambayo abiria wa Ukambani alilazimika kufikiri abebee nini.

Wengi waliishia kwenye mifuko ya kitambaa cha viwandani, ambayo nayo ina plastiki ndani yake. Hapo ndipo nafasi ilipopotea. Kiondo kilikuwepo, wasukaji wapo, mkonge umesimama uani, ila sheria ilipokuja hakuna aliyekuwa amemwandalia msukaji soko la nyumbani.

Historia ya chakula cha sikukuu nayo ina funzo lake, tena la uchungu. Kati ya Januari na Julai 2004, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliwafanya watu 317 kuugua nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, ukungu ukashika. Muthokoi, chakula cha Kikamba cha kila siku na cha sherehe, hutengenezwa kwa kunyunyizia mahindi maji, kuyatwanga kinuni mpaka maganda yatoke, kisha kuyapepeta. Watafiti waliopima wamekuta kwamba ukoboaji huo hupunguza aflatoksini kwa kiasi kikubwa, ingawa hauimalizi. Kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani ndiyo kinga ya kwanza. Lakini waliotwanga hawakuwa wakipoteza muda, kama walivyoambiwa na waliosifia unga mweupe wa dukani.

Muthokoi uliopikwa na kunde au mbaazi, ukawekwa pembeni majani ya kunde na kipande cha nyama ya mbuzi aliyelelewa hapo hapo, ni mlo kamili. Hauhitaji kifungashio chochote. Maganda huenda kwa kuku, na maganda ya embe huenda kwa mbuzi. Soda na biskuti zilizochukua nafasi ya uji na matunda kwenye meza nyingi za Krismasi huacha chupa ambazo hakuna kuku anayeweza kuzila.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kushuka Kitui au Makueni Desemba hii, fika sokoni mapema. Mtafute mama aliyekaa na viondo vyake, umuulize ni mkonge au ni uzi wa dukani, naye atakuambia ukweli. Lipa bei atakayotaja bila kumvuta chini, maana hizo ni wiki zake. Kisha kijaze kunde na maembe, urudi nacho mjini, na Desemba ijayo uje nacho tena.